Kocha Asiyepiga Filimbi

Wanaonijua katika mpira wa kikapu wananijua kwa jambo moja: sipigi filimbi. Nimefundisha timu za vyuo kwa zaidi ya miaka thelathini, nimeshinda vikombe, nimefungwa vibaya, nimetukanwa na mashabiki na kubebwa juujuu na mashabiki haohao, na muda wote huo mazoezini napiga makofi. Vijana walinitania kwamba kocha anafundisha kwaya. Mwandishi mmoja wa gazeti aliwahi kuniuliza sababu, nikamwambia filimbi inaharibu meno. Akaandika vilevile, watu wakacheka, na daktari mmoja wa meno akaniandikia barua ndefu ya kunipinga.

Ulikuwa uongo. Sababu iko Garissa, na nimeificha muda wote kwa kuwa kulikuwa na mama mmoja kule ambaye sikutaka aisikie. Mwezi uliopita nililetewa habari kwamba amefariki akiwa mzee sana, Mungu amrehemu. Sasa sina tena wa kumficha.

Mimi ni mtu wa mlimani, kwenye baridi na migomba. Chuo cha ualimu nilichosomea kilikuwa na kiwanja kimoja cha saruji na kocha mzee aliyeupenda mchezo huu kuliko chakula. Mimi sikuwa na kipaji. Nilikuwa na urefu, viwiko na hasira. Nilikuwa yule mchezaji anayeingizwa dakika za mwisho kwenda kumsumbua nyota wa wenzetu mpaka apoteze adabu atolewe. Siku moja yule mzee aliniweka kando akaniambia kwamba mchezaji sitakuwa, ila kocha nitakuwa, kwa sababu ninaona makosa ya kila mtu isipokuwa yangu. Nilicheka sana siku hiyo.

Nilipohitimu nikapangiwa Garissa. Vita vilikuwa katika mwaka wa pili au wa tatu. Wasomali wengi wa mkoa ule walitaka kujitenga, wajiunge na ndugu zao ng'ambo ya mpaka, na serikali yetu changa ya uhuru ikakataa. Sisi wa bara tuliviita vita vya shifta, yaani vya majambazi. Wenyewe waliviita kwa majina mengine ambayo hawakuyataja mbele yangu. Mama yangu mzazi aliposikia nimepangiwa huko alinililia kama anayeniosha niende kaburini. Tulivuka daraja la Tana katika msafara wa malori uliosindikizwa na polisi, na tulipoteremka, muuza chai akaniuliza kwa upole, akiniita mjomba kwa Kisomali:

"Umetoka Kenya, abti?"

Nikamwuliza kwa ukali kwani hapa ni wapi. Alinimiminia chai. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikuwa najua kila kitu.

Shule ilikuwa na madarasa machache yaliyojaa vumbi, na wanafunzi ambao baadhi walikuwa na ndevu. Nilifundisha jiografia. Jioni zilinishinda. Joto la kule halikuachi hata jua likilegea, na walimu wenzangu wa bara walijifungia vyumbani wakihesabu siku za likizo. Mimi nilikuwa nimekuja na mpira mmoja wa ngozi kutoka chuoni, zawadi ya yule kocha mzee. Nikaomba pete ya pipa la mafuta, nikaipigilia kwenye gogo la mkoma, nikachora mistari kwa majivu. Wazee wa msikiti walikuja kulalamika kwamba kaptura zinaonyesha mapaja. Tukapatana suruali zivuke magoti, na mazoezi yaishe kabla ya sala ya magharibi. Nao wakabaki pale kwenye uzio, wakitazama, na siku ya pili wakaja na mikeka ya kukalia.

Kapteni wangu alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa hivi, au ishirini, maana umri wake ulihesabiwa kwa misimu ya mvua na mama yake aliikumbuka kwa kugombana na jirani. Alikuwa mrefu kunizidi. Alikuwa na vile vidole ambavyo kocha akiviona anameza mate. Lakini kilichonipendeza zaidi ni utiifu wake. Ukimwambia kitu mara moja, kimeingia. Nikimwambia mpira na mkono visiachane, atatembea na mpira akiudunda mpaka msalani. Baba yake alikuwa amefariki. Mama yake aliuza maziwa ya ngamia sokoni, na yule kijana alikuwa ndiye mwanawe wa pekee wa kiume.

Kila Ijumaa mama yule alinipelekea maziwa. Hakumtuma mtu, alikuja mwenyewe hadi mlango wa chumba changu, na chombo chake kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, kilichofukizwa moshi ndani ili maziwa yasiharibike. Mara ya kwanza nilionja nikafikiri yameungua. Alinisimamia. Mpira yeye aliuita mbira.

"Kunywa, maalim. Mbira inakausha mtu."

"Yana moshi, mama."

"Moshi ndiyo dawa. Kunywa yote. Wewe unachunga mtoto yangu, mimi nachunga wewe."

Nikanywa yote. Baada ya wiki tatu nilikuwa ninaingoja Ijumaa.

Sasa nifike kwenye filimbi. Kiwanja chetu kilipakana na uwanja wa gwaride la polisi, kati yetu uzio wa miiba tu. Mchana kutwa kule zililia filimbi: za kupanga mstari, za kubadilisha zamu, za kumkemea askari aliyefunga kamba za viatu vibaya. Na kila ikilia, wachezaji wangu walisimama. Si kusimama tu. Wengine walianza kukunja magoti. Mpira ulikuwa unaondoka zake kwenda kwenye miiba, na mimi nabaki nimesimama na hasira zangu.

Ningejiuliza kwa nini wanakunja magoti, pengine nisingekuwa na haya ya kuandika. Nilijua, lakini nilijua kwa juu juu tu, vile mtu anavyojua kwamba jirani yake anaumwa jino. Tangu hali ya hatari itangazwe, mji mzima ulikuwa umefundishwa kwamba filimbi ikilia wakati wa msako, unachuchumaa hapohapo ulipo, mikono kichwani, unasubiri ukaguliwe. Nimewaona wazee wenye ndevu za hina wakichuchumaa katikati ya soko. Nimewaona akina mama wakichuchumaa na vyombo vyao vya maziwa. Mimi sikuchuchumaa hata siku moja. Uso wangu ulikuwa wa bara, askari walikuwa wa bara, waliniita mwalimu wetu. Filimbi ililia na mimi nikaendelea na safari yangu na mkate kwapani. Kwangu mimi ilikuwa kelele tu.

Kwa hiyo nikatunga sheria. Niliwapanga mstari nikawaambia kwamba kuanzia leo, ziko sauti mbili tu duniani za kuwasimamisha: adhana, na filimbi yangu. Yangu ni fupi mbili na ndefu moja. Nyingine zote ni upepo. Atakayesimama kwa filimbi isiyo yangu, azunguke kiwanja mara kumi juani.

Kapteni ndiye aliyezunguka zaidi ya wote, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mtiifu kuliko wote, na utiifu ule wa kwanza alikuwa amefundishwa na watu wenye bunduki. Wiki nzima ya kwanza alizunguka. Magoti yalikuwa yanakunjika yenyewe kabla hajaamua. Nilimpigia kelele. Nilimwita mwoga mbele ya wenzake. Siku moja, akitweta, jasho limelowesha hadi suruali, aliniuliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe.

"Maalim, na nje ya kiwanja?"

Nikamjibu kama makocha wanavyojibu, kwa maneno makubwa.

"Mchezaji hana nje ya kiwanja. Ukiwa mchezaji, ni mchezaji hata sokoni."

"Haye, maalim," akasema. Na likaingia.

Mwezi mmoja baadaye filimbi za polisi zililia hata tano mfululizo na hakuna aliyegeuza shingo. Timu ilikuwa inapita juu ya vumbi, pasi zinafika, kapteni anaudunda mpira macho juu, hatazami chini. Wazee kwenye mikeka walikuwa wanapiga kelele za furaha. Nilijiona mtu hodari. Nikamwandikia kocha wangu mzee kule chuoni kwamba nimepata kijana ambaye yeye hajapata kuona mfano wake. Akajibu haraka: mlete kabla ya muhula mpya, nafasi ya ualimu ipo, mchezaji kama huyo nampokea, ila aje na barua ya tabia njema kutoka kwa serikali ya wilaya, maana kwa hali ilivyo Msomali bila barua hatavuka hata hilo daraja.

Mama yake nilimwambia mimi mwenyewe. Akauliza kama huko chuoni kuna maziwa. Nikamwambia yapo ya ng'ombe. Akasikitika kidogo, lakini alikubali. Ijumaa ile alileta vyombo viwili.

Jambo lenyewe lilitokea Jumamosi mchana. Ushono wa mpira wetu ulikuwa umeachia, nikamtuma kapteni sokoni kwa fundi wa viatu aushone. Nikasimama kwenye lango la shule nikimngoja. Nilimwona akitokea upande wa soko la mifugo, umbali wa kama hatua mia na hamsini, anakuja akiudunda, kuujaribu kama umeshikana. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Macho juu.

Filimbi ikalia nyuma yake. Ulikuwa msako. Soko zima likachuchumaa, mbuzi ndio waliobaki wima. Na yeye pia alibaki wima, anakuja kwangu, anaudunda.

Filimbi ikalia mara ya pili, kwa muda mrefu zaidi. Askari mmoja akapaza sauti. Kapteni hakugeuza shingo. Nilimfundisha mwenyewe asigeuze.

Filimbi yangu ilikuwa shingoni. Naomba msomaji asome sentensi hiyo tena, mimi huisoma kila siku. Ilikuwa shingoni, na niliipeleka mdomoni. Fupi mbili na ndefu moja, na angesimama kama ukuta, pengine angeketi chini kabisa. Lakini nilipoishika kwa meno nikawaza: mimi nani nipige filimbi katikati ya msako wa polisi? Wataniuliza ninampigia nani ishara. Nikasita. Sikusita muda mrefu. Mpira ulidunda labda mara nne.

Risasi ilimpata gotini. Aliangukia upande, na mpira ukaja wenyewe ukibingirika hadi karibu na miguu yangu. Nilipomkimbilia hakuwa analia. Aliniuliza tu, kwa Kiswahili chake cha darasani, kama nilipiga filimbi na yeye hakusikia.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yule alisikia la mkuu, akalishika, na guu likavunjika. Mkuu alikuwa mimi.

Ningeishia hapo ningesema lilikuwa kosa la ujinga, na ujinga husameheka. Jumatatu niliitwa ofisini kwa polisi. Ofisa aliyekuwapo alikuwa mtu wa upande wa kwetu, tulikuwa tunakunywa chai pamoja Jumapili na kusikitikia joto. Aliniambia kijana yuko hospitali chini ya ulinzi, na kwamba shauri lenyewe ni jepesi: watu mia wamechuchumaa, mmoja amekataa, basi ana la kuficha.

"Ila mwenyewe anang'ang'ania," akasema. "Kila nikimwuliza kwa nini hakusimama, ananiambia, muulize mwalimu wangu, mwalimu wangu ataeleza. Haya mwalimu wetu, eleza."

Alikuwa anatabasamu. Kalamu iko mkononi. Mimi nilikuwa nimeyapanga maneno njiani kote: ni mimi, afande, ni sheria yangu ya kiwanjani. Lakini pale kwenye kiti niliyasikia vile yeye atakavyoyasikia. Mwalimu wa serikali amewapanga mstari vijana kumi na wawili wa Kisomali, wakati wa vita, akawafundisha kupuuza filimbi ya polisi. Akawaadhibu waliotii. Nilimwona mama yangu kule mlimani akiambiwa mwanawe yuko ndani. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kuweka hapo, niliogopa.

"Pengine hakusikia," nikasema.

"Masikio yake ni mabovu?"

"Sijui."

"Unajua lolote la kumsaidia?"

"Mimi namfundisha jiografia na mpira tu, afande. Mengine sijui."

Akaandika. Nikatia sahihi. Akanisindikiza hadi mlangoni akinipigapiga begani, akaniambia nisivunjike moyo, watu hawa hata uwalee vipi ndivyo walivyo. Na mimi nikaitikia kwa kichwa. Hilo la kuitikia huwa najaribu kulisahau, halisahauliki.

Kijana alitolewa hospitali akapelekwa kizuizini. Barua ya tabia njema haikuandikwa, na nafasi ya chuoni ikapewa mwingine. Timu nayo ikafa. Vijana hawakunilaumu kwa mdomo, walikuja tu mmoja mmoja kuniambia wana kazi za nyumbani jioni. Wazee walikunja mikeka yao. Mpira niliuweka chini ya kitanda.

Ijumaa iliyofuata nilijifungia. Nilisikia viatu vya mama yule vikikaribia, nikasema moyoni, sasa amekuja kunilaani, na ana haki. Aligonga. Nilipofungua, alikuwa na chombo cha maziwa.

"Kunywa, maalim. Umekonda."

Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia, lakini hayakuwa na hasira. Alisimama hapo nikanywa yote. Akaja tena Ijumaa ya pili, na ya tatu, na kila Ijumaa mpaka nilipoondoka. Siku nyingine alikuwa anatoka moja kwa moja kumwona mwanawe kule kizuizini, miguu imejaa vumbi, na anapita kwangu kwanza. Sikuelewa. Nilidhani ni desturi yao, kwamba aliyeanza kukulisha haachi. Nilidhani hajui kitu. Kila Ijumaa nilikusudia kumwambia na kila Ijumaa nilikunywa. Nadhani hakuna kitu nimewahi kufanya kilicho kibaya kuliko kuyapenda maziwa yale.

Mwisho wa mwaka kocha wangu mzee aliniandikia kwamba amechoka, anatafuta msaidizi atakayemrithi. Mimi pia nilitakiwa kuwa na barua ya tabia njema. Aliniandikia yule ofisa wa polisi, kwa mwandiko mzuri sana: mwalimu mtulivu, mwaminifu, anayeshirikiana na serikali. Kwa barua hiyo nikavuka daraja la Tana na kwa barua hiyo nikawa kocha. Watu wanaonisifu kwa vikombe hawajui kwamba kazi yote ilisimama juu ya karatasi hiyo. Siku ya kwanza kule chuoni, vijana wamepangwa mbele yangu, nilipeleka filimbi mdomoni na meno yakaanza kugongana. Nikaivua nikaitia mfukoni, nikapiga makofi.

Miaka ikapita. Vita vilikwisha zamani, waliozuiliwa waliachiwa, na mimi nikaoa, nikazaa, nikapata mvi na jina. Nilikuwa na sababu nyingi za kutorudi Garissa na zote zilikuwa nzuri. Mara mtoto mgonjwa, mara mashindano, mara barabara si salama. Kisha mwaka mmoja, nilipokuwa nakaribia kustaafu, nikaalikwa na shule za huko kuwafunza walimu wa michezo kwa wiki moja. Nikakataa. Mke wangu, ambaye nilikuwa nimemwambia nusu ya mambo haya, akaniambia kama nakataa kwa sababu ya joto basi nikatae, na kama nakataa kwa sababu ile nyingine basi ataninunulia tikiti yeye. Nikaenda.

Sikulazimika kumtafuta kapteni wangu. Siku ya pili alikuja mwenyewe kiwanjani, mzee wa makamo mwenye kofia ya kushonwa na fimbo, mguu mmoja haukunjiki. Alikuwa mfanyabiashara wa ngamia, akiwaleta kutoka Eldas na Bura. Alisimama kwenye uzio akanitazama nikipiga makofi mpaka mazoezi yakaisha.

"Maalim," akasema, "filimbi iko wapi?"

Tulikaa kwenye ukuta. Sikumwuliza habari za nyumbani, wala za biashara. Nilijua nikianza na salamu nitamalizia na salamu, nikamwambia palepale: kwamba nilikuwa na filimbi mdomoni sikuipiga, kwamba niliulizwa ofisini nikasema sijui, kwamba nimeishi vizuri kwa hiyo sijui. Walimu niliowafunza walikuwa wanasikia, sikujali. Nikamwomba msamaha.

Alichora chora mchangani kwa fimbo yake.

"La filimbi sikujua," akasema. "La ofisini nilijua, maalim. Walinisomea. Siku ileile, hospitali. Afande alinisomea mara mbili, akanionyesha na sahihi yako."

"Na hukumwambia mtu?"

"Ningemwambia nani? Hooyo, mama yangu, alikuja jioni analia. Baba hayuko, mimi niko na pingu kitandani. Akaniuliza, maalim amesema nini? Nikaona nikimwambia ya kweli, ataanza kufikiria yale maziwa yote alimpa nani. Nikamwambia maalim amenitetea. Maalim amesema ukweli wote, lakini serikali imekataa kusikia."

Nilitazama mguu wake usiokunjika.

"Nilikuwa na hasira na wewe, wallahi," akasema. "Miaka mingi. Ilipokuwa inaniuma mguu, nilikuwa na hasira. Sasa inauma wakati wa baridi tu, na hapa baridi hakuna." Akacheka kidogo, akaegemea fimbo akasimama. "Twende nyumbani. Akisikia ulikuja hukufika, ataniua."

Nyumba yao ilikuwa ya mawe, uani kuna ngamia jike mmoja amefungwa kwa ajili ya maziwa ya mama peke yake. Mama alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba, amekuwa mdogo kama mtoto, macho yamefunikwa na ukungu wa uzee. Mwanawe alimwinamia akamwambia kwa Kisomali nani amekuja. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, akinitafuta hewani, na nikapiga magoti ili anifikie. Alinipapasa uso.

"Maalim wa mbira," akasema. "Umekuwa mzee."

"Ndiyo, mama."

"Wewe nakuombea kila swala. Miaka yote, haijapita hata moja. Watu yote ya hapa iliogopa, watu yetu iliogopa, hata abti zake iliogopa kwenda ofisi. Wewe peke yako ulisema ukweli ya mtoto yangu."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua, na maneno yalikuwa tayari, yaleyale niliyoyapanga njiani kwenda ofisini nikiwa kijana. Nikamtazama mwanawe aliyesimama nyuma yake, amejishikilia kwenye fimbo. Alitikisa kichwa mara moja, polepole. Hakuwa anatisha wala hakuwa ananisamehe. Alikuwa ananiomba.

Mama akaita kwa sauti kubwa kuliko nilivyodhani kifua kile kingeweza, na mjukuu wake wa kike akaleta chombo cha kusukwa, kile kile au ndugu yake, na kikombe cha bati. Moshi niliusikia kabla hajamimina. Akaketi ameelekeza sikio kwangu, maana kuona haoni, akisikiliza nikinywa.

Nikanywa yote.

"Bado umekonda," akasema. "Ongeza."

Nikanyoosha kikombe.